Kiboko wa Kuitwa

Tulikwenda Rumonge, Burundi, kwa sababu ya pomboo, ingawa Ziwa Tanganyika halina pomboo hata mmoja. Binti yangu Oliva, mwenye miaka tisa, alimwona kwenye simu ya jirani: msichana fulani, sijui wa nchi gani, kamkumbatia pomboo majini na kucheka. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikutulia. Nami, nisiyejua kukataa, nikaahidi kwamba nikipata likizo tutakwenda Unguja. Likizo ilipokuja, mabati ya nyumba nayo yalikuwa yameoza kwa kutu, na fedha ya safari ikaishia huko. Mke wangu akaamua: "Mpeleke kwa mama mdogo, Rumonge. Mume wa Konsolata anawapeleka wageni kulisha kiboko. Kiboko naye si anakaa majini?"

Oliva alifikiri kidogo, kisha akakubali. Mimi nilikuwa nimeshafunga begi.

Niseme mapema kwamba mimi ni karani wa ghala hapa Kigoma na sijui kupumzika. Nikikaa kitini dakika kumi, kiti chenyewe huchoka.

Jumatatu alfajiri tulipanda basi la Manyovu, na saa nne tukawa tumevuka mpaka upande wa Mugina. Hadi hapo mambo yalikwenda vizuri. Nyanza-Lac ndiko tulikokwama, maana mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani. Dereva wa taksi aliegesha kwenye foleni, akavua viatu, akaegemea mlango. Saa ya kwanza nikalizunguka gari. Saa ya pili nikalizunguka tena.

"Muze, ukae chini," akaniambia. "Gari haijazwe na miguu yako."

Oliva alicheka mpaka akapaliwa na soda.

Jioni tulifika Kizuka, kijiji cha Rumonge chenye michikichi mingi na harufu ya mawese yanayochemka. Mama Espe, mama mdogo wa mke wangu, ndiye aliyemlea katika kambi ya wakimbizi huku kwetu, kabla hajarudi Burundi. Alitupokea kwa mikono miwili.

"Amahoro, mukwe wangu! Huyu ndiye ule mutoto? Amekuwa mukubwa hivi!"

Tulikula ugali wa muhogo na maharage yenye mawese. Samaki hakukuwapo, kwa kuwa ziwa lilikuwa limefungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane, na nyavu zilikuwa zimekunjwa ndani. Ndiyo maana Deo, mkwe mwenzangu, alikuwa amegeuka mtembeza wageni. Mkewe Konsolata, binti wa Mama Espe, alikuwa na mimba kubwa.

Deo alileta daftari la shule, ambalo yeye huita kaye, pamoja na kalamu.

"Bofrere," akaniita, yaani shemeji, "wageni wane wa Bujumbura wameisha andika jina. Ni Jumatano asubuhi. Iko nafasi ya watu wawili."

"Ni salama?"

"Ile kiboko iko na adabu kunishinda miye! Tunaiita Madamu. Unagonga bidoni mara tatu," akasema akionyesha dumu la maji kwa kidole, "inakuja. Mutoto anatupa kiazi mu kinywa, basi."

Nilishika kalamu, nikairudisha. Nikamwambia anipe mpaka kesho. Oliva alinitazama kwa jicho ambalo amelirithi kwa mama yake.

Jumanne asubuhi sikukaa. Nilikwenda sokoni Rumonge nikarudi, nikaingia mashambani nikarudi, na kila niliyekutana naye nilimuuliza habari za kiboko. Wengine walisifu, wengine walinicheka. Nilipomuuliza Mama Espe, alisema tu, "Deo ni mutu wa kazi," akaendelea kupepeta maharage. Nilipaswa kulisikia vizuri jibu lile. Lakini uani Oliva alikuwa akijifunza kutupa kiazi ndani ya ndoo kutoka hatua tano, na kila kilipoingia aliruka kwa furaha. Ahadi moja nilikuwa nimeshaivunja. Saa sita nikaandika majina yetu mawili kwenye kaye, na roho haikutulia hata baada ya kuandika.

Saa kumi alasiri tulifuatana na Mama Espe na Konsolata kuchota maji ziwani, Oliva akibeba dumu lake dogo la njano. Tuliwakuta wanawake saba pale, na hapakuwa na sauti. Kwetu bombani ungesikia vicheko na ugomvi tangu barabarani. Hawa walichota kimya, wakafunga vifuniko polepole, wakaweka madumu kwenye majani wala si juu ya mawe. Nilidhani kuna msiba, nami nikanyamaza kwa heshima.

Oliva alikaa juu ya jiwe. Safari ya kesho ilikuwa imemjaa kichwani. Akaligonga dumu lake kwa kiganja: mara moja, mara mbili, mara tatu.

Wanawake wote wakasimama wima. Mama Espe alimpokonya dumu kwa nguvu ambayo sikuijua.

"Juu! Pandeni juu!"

Kwenye matete yakaonekana masikio, kisha paji la uso, na maji yakaanza kugawanyika kuja moja kwa moja kwetu. Nilimbeba Oliva mpaka juu ya ukingo. Nilipogeuka, Konsolata alikuwa bado chini, mkono mmoja tumboni. Nilishuka nikamshika, tukapanda pamoja. Kiboko alifika pale pale Oliva alipokuwa amekaa. Hakukimbiza mtu. Alifungua kinywa akasubiri, kama mgeni aliyekaribishwa mezani.

Deo alikuwa amemfundisha sauti ya dumu, na kila nyumba ya Kizuka ilikuwa na dumu.

"Kwa nini hamkumwambia Deo?" nikauliza tukiwa njiani. Hasira ilinijaa, nyingi yake juu yangu mwenyewe.

"Nimwambie nini, mukwe wangu?" Mama Espe alijibu. "Ziwa limefungwa. Mutoto iko njiani. Ile kiboko ndiyo inatulisha."

Konsolata aliongeza kwa upole, "Tumezoea kuchota kimya, shemeji. Haiko kitu kigumu."

Neno lile liliniuma kuliko hofu ya ziwani. Kumbe ili binti yangu afurahi nusu saa, wanawake wa pale walikuwa wamekubali kunyamaza kila siku.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, Deo alikuja na kikapu cha viazi vitamu na bidoni yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu usiku, lakini ilinipotea mdomoni.

"Sisi hatuendi," nikasema.

"Umeogopa, bofrere?"

Ni kweli niliogopa, ila nilishindwa kueleza mengine bila kumfedhehesha mtu mbele ya mkewe. Oliva ndiye aliyetoka nyuma yangu.

"Baba mdogo, jana nilimwita bila kukusudia. Pale tunapochota maji."

Deo aliacha kutabasamu. "Uligonga mara ngapi?"

"Tatu."

"Ikakuja?"

"Alikuja. Akafungua mdomo."

Deo akamgeukia Konsolata, aliyesimama mlangoni akifunga kitenge juu ya tumbo. "Na wewe ulikuwa pale?"

"Kila siku niko pale, Deo."

Aliweka kikapu chini, kisha naye akakaa chini kando yake. Akageuzageuza kiazi kimoja mkononi. Mwishowe alisimama akaenda barabarani kuwaambia wale wa Bujumbura kwamba Madamu amesafiri. Mama Espe aliinjika sufuria, na asubuhi hiyo tulikula chakula cha kiboko kwa chai. Oliva alikula viwili.

"Kumufundisha nilijua," Deo aliniambia tukiosha mikono. "Sasa nani atamufundisha kusahau?"

Nilimmiminia maji tena. Jioni, wanawake wakachota kimya kama jana.

Alhamisi na Ijumaa Deo alifanya kibarua kwenye mashine ya kukamulia mawese, akirudi na mikono myekundu hadi viwikoni. Huko hapati kama alivyopata kwa wageni, na alilisema hilo waziwazi. Jumamosi alitusindikiza mpaka barabarani, akanikumbatia, lakini kicheko cha siku ya kwanza hakuwa nacho. Nilisema "murakoze", asante ya kwao, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kurudi, mafuta yalipatikana upesi, tukafika Kigoma kabla ya magharibi. Watu wananiuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kuuliza nani anakaa kando ya maji, kabla ya kuandika jina langu kwenye kaye la mtu. Nasikitika kwamba nilijifunza hilo baada ya Konsolata kuwekwa hatarini.

Siku mbili baadaye, saa kumi alasiri, nilimfuata Oliva bombani. Palikuwa na kelele za kawaida, ndoo zinagongana, akina mama wanataniana. Yeye alijaza dumu lake, akafunga kifuniko taratibu, akaliweka juu ya saruji kwa mikono miwili bila kutoa sauti.

"Mama, hapa hakuna kiboko," nikamwambia.

"Najua, baba. Lakini saa hizi mama mdogo Konsolata anachota."