Namba Moja Iliyokosewa

Karani wa ofisi ya leseni za walinzi, mtaa wa Baghdadiyah mjini Jeddah, hunyoosha karatasi za kila mtu kwa kiganja kabla hajasema neno. Kisha husoma jina lote polepole, kwa lafudhi ya Unguja aliyorithi kwa wazazi wake. Mtu anayedai kurudishiwa ada ya maombi, karani humwambia akae kitako kwanza, hata kama jibu ni hapana.

Juzi alikuja Titus, mlinzi Mkenya aliyesafiri kutoka Suwaidi, Riyadh. Ombi lake lilikataliwa kwa sababu namba ya ikama, kibali chake cha ukaazi, ilikosewa, na ada hairudi ikiwa aliyekosea ni mwombaji.

"Mimi niliandika sawa, mzee," alisema, kama mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Karani alilinganisha fomu na ikama, tarakimu kwa tarakimu, mara mbili. Akavua miwani. "Umeandika sawa, mwanangu. Aliyeingiza kwenye kompyuta ni mimi."

Titus aliutazama mlango wa meneja, akanong'ona, "Si useme tu ni mtandao?"

"Mtandao haukuandika."

Kwenye fomu ya kurudisha ada, penye nafasi ya sababu, karani akaandika jina lake mwenyewe, akaingia kwa meneja. Alitoka na barua ya onyo mkononi na jasho usoni, lakini sauti yake ilikuwa ileile.

"Ada yako itarudi. Sasa tuombe upya," alisema, akamgeuzia Titus kioo cha kompyuta. "Safari hii isome wewe kabla sijatuma."