Nilichokijua Kabla ya Kipindi cha Jumamosi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa kualikwa redioni kuieleza dunia. Nina shahada mbili za uchumi, ya pili nimeipata hapa hapa chuoni Chimwaga, na nimeajiriwa katika ofisi moja ya mjini Dodoma ambayo haina haja ya kutajwa. Jumamosi asubuhi nilikuwa nikikaa mbele ya kipaza sauti na kuzungumzia bei ya mafuta ghafi, riba za mataifa makubwa, meli zilizozuiwa kwenye mlango wa bahari fulani. Nilionekana hodari, na sijisifu nikisema hivyo, kwa sababu kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtu wa Dodoma akikosea kuhusu Ghuba ya Uajemi, hakuna atakayempigia simu kutoka huko kumsahihisha.

Mwaka ule alizeti ilipanda bei kuliko tulivyowahi kuona. Nchi mbili zinazouza mafuta yake kwa wingi zilikuwa zikipigana kando ya Bahari Nyeusi, na zao ambalo watu wa kwetu hulima kwa kuwa linavumilia ukame likawa ghafla jambo la kimataifa. Wanunuzi waliokuwa wakisubiri wakulima mjini walianza kuwafuata majumbani.

Dada yangu analima karibu na Gulwe. Amenizidi miaka tisa, na ndiye aliyenilea na kunisomesha baada ya mama kufariki. Wakati wa mvua za msimu uliotangulia, mto Kinyasungwe ulikuwa umemwangushia nyumba. Akahamia katika chumba cha mbele cha mwanawe, akachoma tofali, akainua kuta mpya mwinukoni ambako maji hayafiki. Zilibaki mbao na bati, na hizo zingetoka katika magunia ya alizeti aliyokuwa ameyapanga mpaka karibu na dari. Alitakiwa kuamua jambo moja tu: auze mara baada ya kuvuna, au asubiri bei ipande zaidi, akijua kwamba Desemba mvua itarudi na kuzikuta kuta zake ziko wazi.

Jumanne moja nilikaa katika kikao cha kamati iliyokuwa ikijadili pendekezo la kupunguza ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje. Mijini watu walikuwa wakilalamika kwamba bei haishikiki, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Majedwali nilikuwa nimeyaandaa mimi. Yeyote aliyeyasoma kwa makini angeona kwamba meli za mawese zikianza kushusha shehena, alizeti ya wakulima wetu itaporomoka, vita viishe au visiishe. Nilikuwa nimeongeza aya moja inayosema hivyo.

Mwenyekiti aliisoma mara mbili. "Aya nzuri," akasema, "lakini inatutangulia. Tuitoe kwanza. Na haya jamani tunayaacha humu ndani. Wewe hasa, mtaalamu, maana una marafiki redioni."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Niliifuta ile aya kabla chai yangu haijapoa.

Jumamosi mtangazaji akaniuliza swali ambalo ningeuliza mimi kama ningekuwa yeye. "Mtaalamu, mkulima ana magunia yake ndani. Vita haviishi leo wala kesho. Afanyeje?"

Nilieleza habari za bandari zilizofungwa, bima ya meli, vikwazo. Kisha nikasema kwamba maadamu vita vinaendelea, mahitaji ya alizeti duniani yataendelea kuwa makubwa. Hakuna neno hata moja katika hayo lililokuwa la uongo, na nilikuwa nimehakikisha hivyo. Hakuna aliyenikataza kusema lolote kuhusu majeshi yaliyo mbali. Kuhusu chumba nilichokaa Jumanne, mwendo wa dakika kumi kutoka pale studio, nilikuwa bubu.

Alasiri dada akanipigia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Tumekusikia. Watu walijaa hapa uani, simu tumeiweka juu ya kinu. Yule jirani anayesema unaongea Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili, leo kanyamaza." Alikuwa na furaha. Halafu akashusha sauti. "Sasa niambie mimi, siyo redio. Tusubiri?"

"Dada, soko la dunia lina mambo mengi."

"Najua lina mambo mengi, ndiyo maana ukasomeshwa. Tusubiri?"

"Umesikia nilivyosema."

"Basi tunasubiri," akasema, na nilimsikia akiwageukia wenzake na kuwaambia.

Ushuru ukapunguzwa. Bei ya alizeti ikashuka wiki baada ya wiki, wakati vita vikiendelea sawasawa na nilivyotabiri. Redioni nilialikwa kueleza sababu za anguko hilo, nikazieleza vizuri.

Mwezi wa kumi na moja niliomba likizo nikamsindikiza dada kupeleka magunia kwenye mashine ya kukamua, Mpwapwa mjini. Mwenye mashine, mzee mwenye kofia ya kufuma ambaye familia yake imefanya biashara pale tangu enzi za misafara, aliingiza mkono katika gunia, akazitazama mbegu, akazirudisha.

"Mama, si nilikufuata mwenyewe mwezi wa saba? Ukaniambia una mtaalamu."

"Ndiye huyu," dada akajibu.

Mzee akanipa mkono kwa adabu. "Karibu, mtaalamu. Vita vinaendeleaje?"

Wabeba magunia waliangua kicheko. Dada naye alitabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko kicheko chao, maana alilitoa ili nisiaibike peke yangu. Alichopata kilitosha mbao. Bati hakikutosha.

Jioni ile tulikwenda kuzitazama kuta. Alikuwa amezifunika juu kwa mabua ya mtama na turubai kuukuu, na upande wa magharibi udongo ulioshika tofali ulikuwa umeanza kumomonyoka kwa manyunyu ya kwanza. Hapo nikamweleza habari za kikao, bila kuacha kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ulijua siku ile nilipokupigia?"

"Nilijua tangu Jumanne."

"Wangekufukuza kazi?"

"Huenda. Huenda wasingejua kabisa."

Akaokota kipande cha tofali, akakishindilia ukutani mahali kilipotoka. "Mimi nitalala kwa mwanangu, hilo si neno. Lakini wale waliozuia magunia yao kwa sababu yangu, nitawaambia nini?"

Alifuta mikono kwenye kitenge.

"Nitawaambia hukujua."

"Dada, waambie ukweli."

"Ukweli wako upeleke huko redioni. Mimi ninaishi hapa. Wakisema ndugu yangu hajui kitu, watanicheka, yataisha. Wakisikia ulijua ukanyamaza, sitakuwa na wa kumwomba hata kaa la moto."

Akawaambia hivyo, na wakamwamini bila shida. Tangu hapo, nikishuka Gulwe, watu ambao zamani walisimama kunipisha sasa hunipokea kwa upole, kama mtu aliyeugua na bado hajapona sawasawa. Mara ya mwisho yule jirani alinisogezea kigoda na kuniambia nisijilaumu, kwamba elimu nayo ina mahali inapofika ikachoka, na kwamba hata wao shambani hukosea mvua. Dada alikuwa karibu, anapepeta mtama, hakuinua uso. Nikamjibu jirani kwamba ni kweli, mambo ya dunia ni magumu kuyajua.