Riwaya ya Winifrida Isiyo na Mwisho

Winifrida, mshonaji wa sare za shule mjini Kibondo, huwaazima watu vitabu ili apate kuwadharau. Anavyo vitatu, alivyopewa katika kambi ya wakimbizi siku chumba cha kusomea kilipofungwa, kabla hajapata uraia: riwaya, kitabu cha saikolojia na kingine cha falsafa. Anayeomba kimojawapo hupewa bila kinyongo, maana Winifrida anajua kitakachofuata.

Khatibu mwenye duka aliazima cha saikolojia. Hakufika mbali, akaanza kuwapima wateja: huyu ana jeraha la utotoni, yule bado anamwogopa baba yake. Mama mmoja aliyefuata chumvi akaambiwa ana huzuni iliyojificha. Venanti, mwalimu mstaafu, akabeba cha falsafa, na jioni akamuuliza mkewe kama kweli ule ugali upo. Mkewe akauondoa mezani.

"Wajinga wa kawaida wana nafuu," Winifrida husema huku akitunga uzi kwenye sindano. "Hawa wamejiongezea."

Lakini mtego wake hasa ni riwaya. Inamhusu mwanamke anayekimbia vita na kumwacha mumewe nyuma, na kurasa za mwisho hazimo. Zilichanwa huko huko kambini, watu wakasokotea tumbaku. Kila aliyeirudisha amesifu mwisho wake. Katekista mmoja alisema ulimliza. Winifrida hupokea kitabu, hutabasamu, na tangu siku hiyo mtu huyo kwake hana thamani ya kifungo cha shati.

Basi Makarius, fundi pikipiki wa Kasulu, alipokuja kumposa binti yake Irakoze, alipewa riwaya kabla ya kupewa kiti. Irakoze alimsihi mama yake amwache.

"Akinidanganya, hakuoi," Winifrida akajibu. "Siozeshi binti kwa mwongo."

Makarius akarudi baada ya mavuno ya maharage, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, macho chini kama inavyompasa mkwe.

"Umekisoma?"

"Ego, mama. Nimekisoma."

"Na mwisho wake?"

Akamtupia jicho Irakoze. "Yule mwanamke anarudi nyumbani. Anakuta mumewe hakuwahi kuufunga mlango miaka yote ile, na chungu kiko mekoni."

Winifrida alikuwa amekwisha fungua mdomo ili amfukuze. Lakini chungu kile alikijua. Alikiweka mekoni yeye mwenyewe, kule kwenye hema, Irakoze akiwa mdogo na akilia kuuliza baba yake aliyebaki Burundi atakuja lini. Alikishika kitabu mbele ya mtoto, akajifanya anausoma mwisho alioutunga mwenyewe.

"Huyu alikuja kuniuliza kurasa ziko wapi," Irakoze akasema. "Nikampa mwisho wako. Nilijua hazimo tangu nilipojifunza kusoma, mama."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe hadi leo huweki komeo mlangoni?"

Winifrida akautazama mlango. Ulikuwa wazi, na Makarius ameketi kando yake, hajui aangalie wapi. Alitaka kumwita mwongo, akaona aibu, na aibu hiyo ilimuuma kuliko alivyowahi kumuumiza yeyote kwa dharau yake.

"Mpe kiti cha maana," akamwambia binti yake. "Na hicho kitabu asikiazime mtu tena."