Mguu wa Shabnam

Mume wangu Yeshwant amefunza farasi wa watu tangu ujana wake mpaka mvi, na hakuna hata ukwato mmoja uliokuwa wake. Ndiyo kazi ya mkufunzi wa farasi wa mbio hapa Pune: jasho ni lako, farasi ni wa tajiri. Alianza kama mpanda farasi, akanenepa kwa mapishi yangu, ndipo akageukia ukufunzi. Kila alfajiri alipita mabandani akiwashika farasi miguu, mmoja mmoja, kutafuta joto. Mguu ukiwa na joto, farasi hatoki. Mimi nikiumwa kichwa, aliniambia ninywe chai.

Katika wote alimpenda Shabnam, farasi jike wa kijivu. Nilimwonea wivu, sioni haya kusema. Alimpelekea sukari guru kwenye mfuko wa koti, na kwa farasi huyo alishinda kombe kubwa la msimu wa mvua. Kisha kano la mguu wa mbele likavimba. Yeshwant akamwomba mwenye farasi, Seth Lalkaka, ampumzishe mpaka apone. Kesho yake banda lilikuwa tupu.

"Yuko shambani," Seth alimwambia. "Anakula majani, raha mustarehe."

Yeshwant akaamini, au alijilazimisha. Cha mwenzio si chako, angefanya nini? Hata baada ya kustaafu, tulipohamia ghorofa ya tatu, kila mgeni aliambiwa Shabnam yuko shambani.

Mwaka huu Omkar, mtoto wa mdogo wake Yeshwant, alioa. Bwana harusi wa kwetu hupanda farasi mweupe, tarumbeta mbele, sisi nyuma tukicheza. Farasi akaletwa, mweupe pe, kavishwa shanga na vioo. Alipofika kwa Yeshwant akasimama, akatumbukiza pua kwenye mfuko wa koti lake.

Farasi wa kijivu huwa mweupe akizeeka. Mimi sikumtambua. Yeshwant alichuchumaa na nguo zake za harusi, akaushika mguu.

"Unachoma," aliniambia. "Kusum, mguu unachoma."

"Baba Mkubwa, twende basi!" Omkar alipaza sauti kutoka juu ya tandiko. "Bibi harusi ataolewa na mwingine!"

Watu wakacheka, tarumbeta zikalia. Angeisimamishaje harusi ya mwanawe? Akatembea kando ya farasi njia nzima, mkono shingoni mwake. Mnyama alikuwa akichechemea, na watu wakashangilia wakidhani anacheza.

Mlangoni mwa ukumbi Omkar akashuka. Yeshwant akachota barafu kwenye beseni la soda, akavua kilemba chake kirefu, akaufunga ule mguu kuanzia chini ya goti, taratibu, kama enzi zake. Wazee wakaanza kunong'ona: kichwa wazi, harusini!

"Mzee, kumbe unampenda hivyo?" Dastagir, mwenye kumkodisha farasi, alimuuliza. "Mchukue basi. Wallahi nakupa bure, anakula kuliko anachoingiza. Ila utamweka wapi?"

Yeshwant akanigeukia. Niliziwaza ngazi zetu na kibaraza chetu cha kuanikia nguo. Roho iliniuma kwa ajili ya yule yule niliyemwonea wivu.

"Haya, niachie. Nina harusi nyingine sasa hivi." Dastagir akainama, akakifungua kilemba, akamrudishia. "Usinielewe vibaya, Mzee wangu. Wateja hawataki farasi mwenye bendeji."

Shabnam akageuza shingo mara moja, akavutwa, akaenda. Yeshwant akakikamua kilemba, akakivaa hivyo hivyo, maji ya barafu yakimtiririka usoni, akaingia ndani kumbariki bwana harusi.