Vilima Saba kwa Siku Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa buti mbili, zote za mguu wa kushoto. Niliporudi stoo kulalamika, mtunza stoo hakuinua hata macho. "Mwenzako wa Kanazi amepewa za kulia," akasema. "Kamtafute mbadilishane." Nikaenda pekupeku mpaka Kanazi, nikampata huyo mwenzangu naye kakaa mlangoni kwake anazitazama zake kwa hasira. Ndivyo nilivyoanza kazi ya askari wa wanyamapori, katika pori la akiba lililokuwa kati ya Ngara na Biharamulo. Sikununa sana. Mimi ni mtu nisiyetulia tangu utotoni, na hata sasa kiti kinaniumiza kiuno kuliko mlima.

Ninyi vijana mnadhani kazi ile ilikuwa kupambana na simba. Kazi ilikuwa miguu. Mpaka wa pori ulikuwa umepimwa na kuwekewa bikoni, yaani nguzo fupi za saruji zenye namba. Upande wetu zilikuwa saba, kila moja juu ya kilima chake, na kutoka moja hadi nyingine ulipita mkuza, ukanda uliofyekwa wa kuonyesha mpaka. Kila mwezi askari alipaswa kuufuata mkuza huo, kutegua mitego ya nyaya, na kuandika katika kitabu cha doria: bikoni ipo au haipo, wanyama gani wameonekana, na kama kuna watu. Kisha anatia sahihi.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Bwana Nyama wa wilaya. Ndivyo watu walivyomwita ofisa wa wanyamapori, ingawa hakuwa na bucha. Alikuwa mnene, mpole, na sikumwona hata siku moja akikanyaga nyasi zilizomfika magotini. Alipenda kitabu kisafi, na mimi nikamletea kitabu kisafi.

Hapa ndipo nilipoharibu. Vilima sita vimekaa karibu karibu. Cha saba kiko ng'ambo ya bonde lenye matete, tope na mbung'o wanaopenya hata shati. Mwezi wangu wa kwanza nilisimama juu ya kilima cha sita, nikakinga jua kwa kiganja, nikatazama ng'ambo, nikaandika: "Bikoni namba saba ipo. Hakuna watu." Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Karibu miaka miwili niliandika maneno hayo, na ili nionekane hodari nikaandika pia kuwa vilima vyote saba navipita kwa siku moja. Sisi wenyewe tuliziita taarifa za kupika. Niliona aibu? Hapana. Niliona nimeokoa miguu.

Miaka hiyohiyo watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine Kasulo, wengine Nyamahanga. Halafu vikaja vita. Landrova yetu ikachukuliwa kwenda kaskazini, petroli ikawa ya jeshi, na mtu yeyote asiyejulikana akiwa porini alitazamwa vibaya. Bwana Nyama wangu mnene akahamishwa. Akaja mwingine, kijana mwembamba aliyetoka chuoni, miwani yake imefungwa uzi, anatembea kama anayefukuzwa. Akasoma kitabu changu chote, ukurasa kwa ukurasa, huku mimi nimesimama mbele yake.

"Ndugu Petro," akasema, "nataka kuviona vilima hivi vyote."

"Tupange siku tatu, Bwana Nyama. Mgeni wa milima huumia."

"Kwa nini tatu? Kitabu kinasema wewe huvimaliza kwa siku moja."

Nikasema sawa.

Tulianza alfajiri, umande umetulowesha mpaka mapajani. Mpango wangu ulikuwa mmoja: nimchoshe arudi. Nikapanda kilima cha kwanza mbio mbio, sikumpa nafasi hata ya kunywa maji. Tulipofika juu, mimi ndiye niliyekuwa nahema. Yeye aliipapasa bikoni, akaandika, akauliza, "Ya pili iko wapi?" Cha pili tukakipanda kwa upande wa changarawe, unakanyaga hatua mbili unateleza moja. Hakulalamika. Juu ya cha tatu, milima ya Burundi ikionekana ya bluu upande wa machweo, akasimama kidogo, akaniambia nina bahati ya kulipwa kwa kutazama vitu kama hivi. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwenye cha nne nikaanza kuchechemea. "Goti langu, Bwana Nyama."

"Pole sana. Nisubiri hapa kivulini, nitamalizia mwenyewe."

Goti likapona papo hapo. Heri niwepo nijue atakachokiona kuliko kukaa kivulini nikila kucha.

Juu ya kilima cha sita akatoa darubini. Jua lilikuwa limeshapita utosi. Alitazama ng'ambo muda mrefu, kisha akaniuliza ule moshi ni wa nini.

"Labda moto wa pori."

"Moto wa pori hausimami mahali pamoja." Akaifunga darubini. "Haya, tuongoze kwenye njia yako ya kila mwezi."

Njia! Nikajitosa kwenye matete kama ninayejua ninakokwenda, na hatua ya kumi tope likanifika kiunoni. Akanivuta kwa mkanda wa bunduki. Kisha akatangulia yeye. Nakwambieni, angenitukana ningepata nafuu.

Juu ya kilima cha saba palikuwa na mji. Nyumba ya nyasi, ua, migomba, na bikoni katikati ya uwanja uliofagiliwa vizuri, juu yake ungo wa maharage umeanikwa. Mzee mmoja akatoka na mkewe. Mzee aliitwa Bitegeko.

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba. Karibuni mkae. Mmepita matopeni kwa nini? Njia iko huku juu."

Bwana Nyama akamweleza kuwa hapa ni ndani ya pori. Mzee akacheka kidogo. "Mimi nirikuwepo kabra ya nguzo hii. Waripokuja kuisimamisha, maji ya kukorogea saruji niriwachotea mimi."

Bwana Nyama akavua miwani akaifuta. Akaniambia kwa sauti ya chini, lakini wale wazee walisikia: "Agizo nililopewa ni hili. Waliokuwepo kabla ya mpaka kupimwa, suala lao linakwenda kwenye kamati ya wilaya, wanapewa shamba jingine na muda wa kuvuna. Walioingia baadaye ni wavamizi, wanaondoka leo na nyumba inachomwa. Kitabu chako kinasema miezi yote hapakuwa na mtu. Mwezi uliopita uliwakuta hawa?"

Migomba ilikuwa mbele yetu, imezaliana shina juu ya shina, na visiki vilivyooza vya migomba ya zamani katikati. Hata mtoto angejua ile si ya mwezi mmoja. Bwana Nyama alivitazama vile visiki, kisha akanitazama mimi. Akarudia, "Ndugu Petro. Uliwakuta?"

Alikuwa ananipa mlango. Ningesema tu: sijawahi kufika hapa. Ningefukuzwa kazi, labda ningefungwa, na nyumbani nilikuwa na mke na watoto wanne.

"Sikuwakuta," nikasema.

Maneno yenyewe yalikuwa kweli. Nimeyageuza geuza miaka mingi, nayo hayajawahi kunipa raha.

Waliruhusiwa kutoa vyombo, mkeka na maharage. Bwana Nyama hakuwa anavuta sigara. Kiberiti nilikuwa nacho mimi. Tukashuka nao kwenda Kasulo kwa ile njia nzuri ya juu, mimi nimebeba gunia la maharage yao kichwani, na Bwana Nyama akasema tumevimaliza vilima saba kwa siku moja kama kitabu kilivyoandika.

Baada ya hapo sikukosa kilima hata kimoja. Nilihamishiwa Biharamulo, nikafanya kazi chini ya ofisa msaidizi aliyependa gwaride, kisha chini ya mkuu wa kanda aliyetembea kuliko sisi sote. Nilipanda kila nilipotumwa, nikaandika nilichokiona tu, na nikastaafu na cheti kinachosifu uaminifu. Vijana wa kazi hii wakija kuniuliza siri, nawaambia waandike kidogo na waende mbali. Wanadhani nazungumzia miguu.

Nyumbani sikuweza kukaa. Mwaka wa kwanza wa kustaafu nilikwenda Kasulo kuwaulizia. Mzee Bitegeko alikuwa amefariki. Mkewe alikuwa amekaa mkekani uani, macho yameanza ukungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Petro. Nilikuwa askari wa pori."

Akaendelea kuchambua mboga zake. Kisha akasema, "Wewe ndiye uriyesema hatukuwepo."

"Ni mimi, mama."

Akasogea kwenye mkeka, akaniachia nafasi. "Kaa basi. Sema sasa."

Nikakaa. "Mlikuwepo," nikasema.

"Miaka mingapi?"

"Sijui, mama. Kabla ya siku ile sikuwahi kupanda kuona."