Kwa Nini Nakataa Kuwa Mulozi Mezani

Sisi tuliokulia Bukavu kabla ya kurudi huku Rusizi, upande wa Rwanda, nani kati yetu amesahau vumbi la uani baada ya masomo? Tulitoka shule mapaja yakiwaka kwa fimbo ya mwalimu, tukala bugari, ugali wetu wa muhogo, na visamaki vya sambaza mbiombio, mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Musinirudilie na magoti ya vumbi!" Tukarudi na magoti ya vumbi, kila siku ya Mungu.

Mchezo wetu mkubwa tuliuita Kijiji. Tulikichora chini kwa kijiti, kila mtoto akachukua mtu wake: huyu chef, mkuu wa kijiji, huyu docteur, huyu mwanajeshi, na mmoja mulozi, yaani mchawi. Tulirusha punje tano za mahindi zilizochomwa upande mmoja. Nyeusi zikiwa nyingi, neno lako limepita. Vijana wa leo wanacheza mchezo wa namna hiyohiyo, ila wao wanakaa mezani na dadu zenye pembe chungu nzima, makaratasi, na kitabu cha sheria kinene kuliko Biblia. Mtu akitaka kumrushia mwenzake jiwe, kwanza watafute ukurasa! Sisi tulibishana tu mpaka mwenye sauti kubwa akashinda.

Mulozi wetu siku zote alikuwa Furaha, jirani yetu, yatima aliyelelewa na shangazi yake. Jamani, alikuwa anajua! Alifumba macho, akataja jina lako polepole, na wewe ulipaswa kulala chini mpaka zamu yako ipite. Wenzangu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mimi nilikuwa na wivu. Kila siku nilipewa docteur, na nani anamtaka docteur? Nilimwomba Furaha mara nyingi tubadilishane, akakataa.

Siku moja akamtaja mdogo wangu Dido. Dido akalala chini, akacheka, akaamka, mchezo ukaendelea. Kesho yake alilala kitandani kweli, mwili moto, anaweweseka kwa malaria. Mama akanishika mkono.

"Sifa, jana mulikuwa munafanya nini na huyu mutoto?"

"Furaha alitaja jina ya Dido," nikasema, "Dido akaanguka."

Basi, nikaishia hapo. Habari ya punje na ya kijiji tulichochora sikuisema. Msiniambie nilikuwa mtoto, sikujua. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua vizuri sana nimeacha maneno gani. Nilijua pia kwamba Furaha akikatazwa kucheza, mulozi nitakuwa mimi.

Dido alipona kwa dawa za dispensaire. Lakini mama alikuwa ameshamwambia shangazi yake Furaha, na shangazi alikuwa amewaita watu wa maombi. Walimnyoa mtoto wa watu kichwa, wakamfungia chumbani siku tatu bila chakula ili aungame. Siku ya pili nilitumwa maji. Robinet, bomba la maji la mtaa, ilikuwa karibu na dirisha la chumba kile, na wakati bidon yangu, dumu la plastiki, inajaa niliwasikia wakimkemea, naye analia: "Mumuulize Sifa! Sifa anajua, ilikuwa mchezo!"

Wanawake wote wa foleni wakanigeukia. Maman mmoja akainama, akaniuliza kwa upole, "Ni kweli, mwanangu?" Mimi nikaitazama bidon. Ilipojaa nikajitwika, nikaenda nyumbani.

Furaha alipakiwa kwenye camion ya mizigo akapelekwa kijijini kwa watu wa mama yake, na hatukumwona tena. Kijiji nacho kiliishia hapo. Wazazi wote walikikataza. Umulozi nilioutaka sikuupata hata siku moja.

Leo naishi Gihundwe na mimi ni mama. Jumapili mchana binti yangu Aline na wenzake hujaa sebuleni na dadu zao. Mwezi uliopita walipungukiwa mchezaji, wakaniita nimchukue mulozi.

"Maman, kamata mulozi. Njo wa nguvu kuliko bote!"

Nikasema hapana, nipeni hata askari wa kulinda mlango.

"Juu ya nini, Maman?" Aline akataka sababu.

Nikawajibu kwamba mimi nimeokoka, siwezi kuchezea mambo hayo. Kijana mmoja akainamisha kichwa kwa heshima, akasema wako wengi wasiomtaka mulozi: wengine wanachoka kusoma orodha ya uchawi wake, wengine wanaogopa mchungaji. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimejificha nyuma ya maombi, na Furaha aliteswa kwa maombi hayohayo.

Aline akamchukua mulozi mwenyewe. Zamu ya kwanza tu akamwangusha yule kijana. "Nimekufa!" kijana akapiga kelele, "Maman, kuna chai?" Wakacheka wote, nikaenda kuchemsha maji, na huko jikoni nililia. Tunapenda kuwacheka batoto ba leo kwamba hawawezi kucheza bila kitabu. Lakini wao wakimaliza wanakusanya karatasi zao, na kila mmoja anarudi kwao akale. Enzi zetu tulijisifu kwamba mtoto wa jirani ni mtoto wa wote, na kati yetu sote hakuna aliyemfungulia Furaha mlango.

Mama yangu sasa ni mzee, macho yamepungua, lakini siku ya ushuhuda bado anasimama kanisani kueleza jinsi Mungu alivyomtoa Dido mikononi mwa mtoto mulozi. Anamtaja Furaha kwa jina. Jumapili iliyopita alisimama tena. Dido, na ndevu zake zote, akapiga makofi, na kanisa zima likaitika Amina. Nami niliitika.