Volti Hamsini Zilizopotea Njiani

Kwenye machimbo ya kule Masumbwe nilipewa kazi ya kuangalia jenereta, kwa sharti moja: nisisogee duarani. Duara ndilo shimo lenyewe la dhahabu, na wachimbaji wa pale wanaamini mwanamke akilikaribia, dhahabu inakimbia. Inakimbilia wapi, hawasemi. Basi nilikaa hatua sitini kutoka kwa watu, mimi na mashine, kutwa nzima. Kwetu ni Songea. Pale sikuwa na ndugu wala rafiki. Upweke ule ulinikaba, sidanganyi.

Pampu ya kuvuta maji shimoni ikaanza kuchoka, maji yakawafika vijana magotini. Msimamizi akaja kunifokea. Nikapima pale kwenye jenereta: volti mia mbili thelathini. Nikamwapia kwamba umeme wangu ni mzima. Wiki nzima niliapa hivyo, mjinga mimi! Nilipima mwanzo wa waya tu, kwa sababu mwisho wake nilikatazwa kufika.

Mwishowe nikampa kipimo changu mzee wa pampu, aliyeshinda pale mdomoni mwa duara, nikamwelekeza asome tarakimu pampu ikiwa inafanya kazi.

"Mwangaluka, fundi!" alinipazia sauti asubuhi, kwa salamu ya Kisukuma. "Mia moja themanini!"

Loo! Hamsini zimeishia njiani. Mkondo ulikuwa ampea kumi. Nikaokota kijiti, nikaandika mchangani: hamsini gawanya kwa kumi, ukinzani wa waya ni omu tano. Hamsini mara kumi, wati mia tano, zote zinapasha waya moto bure. Pampu inaachiwa elfu moja mia nane.

Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, mita mia mbili, na robo yake ingetosha. Uliobaki waliuviringisha, ukalala kando yangu. Haukatwi, walisema, duara bado linakwenda chini. Ukikata waya unaliletea mkosi.

Nilipowaeleza hesabu yangu wakanicheka. "Fundi, waya unakula umeme? Na mboga gani?"

Mzee hakucheka. Kila saa alisoma, akanipazia namba, na baada ya namba aliniuliza nimekula nini, nimelalaje, kwetu mvua imenyesha? Siku tatu tu, nikaanza tena kuchana nywele kabla ya kwenda kazini. Nakiri, nilitamani ubishi ule usiishe.

Lakini siku ya nne maji yaliwafika vijana kiunoni. Nikazima jenereta.

"Siwashi mpaka waya ukatwe," nikasema.

Msimamizi alinitukana nisivyoweza kuandika, kisha akaenda kuleta plaizi. Tukakata robo tatu nzima, nikaunga, nikawasha.

"Mia mbili kumi na nane!" mzee alipiga kelele, na vijana wakashangilia huko chini. Maji yalitoka kwa nguvu mpaka yakafika barabarani.

Kesho yake sikusikia namba yoyote. Saa nne msimamizi akaja, safari hii anatabasamu, akanirudishia kipimo. Pampu haihitaji mtu wa kuikalia tena, alisema, mzee amehamishiwa duara jingine, ng'ambo ya kilima.

"Umetusaidia sana, dada. Sasa hakuna wa kukusumbua."

"Sawa, bosi," nikajibu haraka ili aondoke. Alipogeuka tu nikaangua kilio, mchana kweupe, na kwa ngurumo ya jenereta hakuna aliyenisikia.